Kibodi ya Nje Kwanza
Vitufe vichache vya kompyuta mpakato vikifa, wengi huona mashine nzima imekufa: nywila haiingii, na kazi zote zimefungiwa ndani. Si kweli. Chomeka kibodi ya USB, hata ile kuukuu ya kompyuta ya mezani, na kwa kawaida Windows huitambua yenyewe kabla hujaingia. Ukiikosa, kona ya chini kulia ya ukurasa wa nywila ina alama inayofungua kibodi ya kwenye skrini, ukabofya herufi kwa kipanya. Kigumu zaidi ni kitufe kilichokwama, maana huendelea kuandika herufi ileile na kuiharibu nywila. Hapo fundi anaweza kuchomoa utepe unaounganisha kibodi ya ndani. Wala si ugonjwa wa mashine za bei rahisi tu: mwaka 2018 Apple ilianza kutengeneza bure kibodi za baadhi ya MacBook zilizokuwa zikikwama vitufe. Kinachoniuma ni mwanafunzi kukubali diski ifutwe na Windows iwekwe upya, tasnifu ikapotea, kisa kibodi. Ndugu msomaji, usimruhusu mtu afute chochote kabla hujachomeka kibodi nyingine na kunakili mafaili yako.