Mgeni Awe na Akaunti Yake

Katika Geita na Kahama, na hata Shinyanga mjini, iko desturi ambayo wengi huiona ndogo, nayo ni ya mfanyakazi kumwazima mgeni jina lake. Mgeni amekuja kwa kazi ya mitambo, au kwa biashara, au kufundisha. Fedha zake hazina pa kukaa. Basi mwenyeji wake humpa namba ya akaunti yake ya benki, au laini yake ya simu, na fedha zikapita humo. Wenyewe husema kuwa wanasaidiana. Sisi twasema kwamba msaada wa namna hii una hatari zaidi kwa mfanyakazi kuliko kwa mgeni, na kwamba dawa yake iko mlangoni mwa benki.

Tuchukue mfano wa fundi ambaye mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Siku moja akaunti yake yapokea 40,000,000, na kesho yake zote zimetolewa. Sheria ya Udhibiti wa Fedha Haramu ya 2006 yaitaka benki imjue mteja wake kwa hakika, na itoe taarifa kila ionapo malipo yenye mashaka. Karani hana la kufanya ila kuandika. Atakayeitwa kueleza ni yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya akaunti. Mtoza kodi naye akiuliza, atamwuliza yeye. Mgeni, wakati huo, huenda yumo katika ndege.

Tangu Julai 2025 jambo hili limezidi uzito. Amri ya Serikali ya mwezi huo iliwakataza wasio raia kufanya biashara kadha wa kadha, zikiwamo uchimbaji mdogo wa madini na uwakala wa fedha kwa njia ya simu. Mgeni avunjaye amri hiyo hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi 10,000,000 au kifungo. Na raia amsaidiaye, faini ya shilingi 5,000,000 au kifungo cha miezi 3. Leseni ya uchimbaji mdogo, kwa Sheria ya Madini ya 2010, ni ya Mtanzania. Kwa hiyo duara lenye leseni ya mwananchi na fedha za mgeni, zikipitia akaunti ya mwananchi huyo huyo, si ushirika hata kidogo. Ni mwananchi aliyekodishwa, na mara nyingi kwa bei ya chini.

Walakini tusimhukumu kila mgeni. Wako waliokuja kwa njia ya haki: mhandisi wa mgodi wa Geita au Bulyanhulu, daktari, mwalimu wa chuo, mtawa. Mtu huyu ana pasipoti, ana kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, ana kibali cha ukaazi, daraja A kwa mwekezaji, B kwa mwajiriwa, C kwa mwanafunzi, mmisionari na wengineo. Ana barua ya mwajiri, na mtaa anaokaa wajulikana. Mwenye vyeti hivyo si mtu wa kuambiwa “njoo kesho” mara nne. Yafaa vile vile ieleweke kwa wageni wenyewe kwamba viza si ukaazi. Mtu mwenye viza ya kuingia mara nyingi kwa mwaka mzima bado ni mpita njia, na asimlaumu karani amwambiapo hivyo.

Hofu ya makarani twaielewa. Oktoba 2022 chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu, yaani FATF, kiliiweka Tanzania katika orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu, na hatukuondolewa humo mpaka Juni 2025. Tena hapa ni nchi ya dhahabu, ambako fedha nyingi huweza kutembea mfukoni mwa mtu asiye na ofisi. Lakini kumchunguza mteja si kumfukuza. Mgeni aliyefukuzwa na benki haondoki na fedha zake. Huzipeleka kwa jirani, na jirani huyo ni wewe, ndugu msomaji. Fedha ambazo benki ingeziona sasa haizioni, au yaziona kwa jina la uongo.

Tena tukumbuke nia ya sheria zetu. Benki za kigeni zilipotaifishwa Februari 1967, shabaha ilikuwa fedha zitokazo katika nchi hii zihesabiwe humu humu. Sheria ya 2017 juu ya mamlaka ya wananchi kwa mali asilia yataka mapato ya mali hiyo yawekwe katika benki zilizoanzishwa nchini, na kanuni za madini za 2018 zazitaka kampuni za migodi ziwe na akaunti katika benki ya kizalendo. Je, kampuni ibanwe hivyo, halafu meneja wake apokee mshahara wake ng'ambo kwa sababu tawi la Kahama lamwona ni usumbufu? Na tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Atalipaje kodi ya nyumba kwa shilingi asiye na pa kuziweka?

Twaomba matawi ya benki katika mikoa hii yabandike ukutani, kwa Kiswahili na Kiingereza, orodha moja ya vyeti vinavyotakiwa kwa mgeni, isiyobadilika kwa kadiri ya karani aliyeko zamu. Ofisi za utumishi migodini nazo zipeleke majalada ya wageni wao benki zenyewe, wiki ile ile vibali vitokapo. Hilo haligharimu kitu.

Na mfanyakazi ambaye tayari kadi yake iko mkononi mwa mgeni, aende akaichukue. Kisha apite benki aombe taarifa ya akaunti tangu siku aliyoitoa, aisome mstari kwa mstari, na pale asipopaelewa amwulize karani kabla karani hajamwuliza yeye.