Bima ya nyumba: tuulize kwanza nani analipa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki na nyumba wakati sisi tuko kwenye mashimo,

Kila mtu wa Goma anakumbuka fasi alikuwa jioni ya 22 Mei 2021. Wengi wetu tulikuwa kule juu Masisi, simu zinakata. Bibi zetu njo walibeba watoto na godoro, wakakimbia upande wa Sake ao upande wa Gisenyi. Moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka Buhene, karibu na kiwanja cha ndege, ukasimama. Lakini ulikuwa umekwisha kumeza maelfu ya nyumba. Wazee walikuwa wameona mambo hayo mbele: tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani.

Siku hizi watu wanapita kwenye kartye na karatasi nzuri, wanatuambia: lipa kidogo kila mwaka, nyumba yako haina shida tena. Sisi wa sindika hatukatai bima, ile tunaita asiransi. Mchimbaji hana pensheni. Pensheni yake ni ile palisele na ile nyumba. Lakini tunakataa kununua karatasi tupu.

Tukumbuke kidogo. Tangu 1966, SONAS ya Serikali ilikuwa peke yake kuuza bima katika inchi yetu. Sheria ya 17 Machi 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zikaanza kupata ruhusa. Anayetoa ruhusa na kuchunguza kampuni hizo ni ARCA. Kwa hiyo leo tuko na uchaguzi, na mwenye kuchagua anapaswa kuuliza.

Mwenzetu mmoja hakuuliza. Alilipa bila kukosa, kisha nyumba yake ikaungua. Kampuni, ambayo hatutaitaja, ikamjibu kwamba kontra inasema nyumba ya matofali, na yake ilikuwa ya mbao. Ajenti njo aliandika vile. Kontra yote ilikuwa ya Kifaransa, mwenzetu akasaini bila kusomewa. Alirudi kwenye ofisi mpaka viatu vikaisha. Hakupata hata feranga moja.

Basi, mbele ya kutoa makuta, tuulize hivi.

Kwanza: kampuni hii iko na ruhusa ya ARCA? Na huyu ajenti, nani alimtuma? Makuta yalipwe kwa ofisi ao kwa konti ya kampuni, na risiti itoke palepale. Yasiingie mfukoni mwa mtu.

Pili: kontra inakataa nini? Wengi wanasoma tu fasi inasema “tunalipa”. Someni zaidi fasi inasema “hatulipi”. Bima nyingi za nyumba zinaacha inje vita na fujo, na volkeno pia inaweza kuachwa inje kama haikuandikwa. Kwa mtu wa Goma, kontra isiyotaja volkeno ni nusu ya kontra. Kama mtoto wako anasoma Kifaransa, akae akusomee yote. Kama hayuko, leta kwa sindika.

Tatu: nyumba imeandikwa vile iko? Mbao ni mbao, mabati ni mabati. Kama kuna mgahawa ao duka la mafuta ndani, useme. Uongo mdogo wa leo njo sababu ya kukataliwa kesho.

Ine: nikipata hasara, nani anapokea maneno yangu? Ofisi ya hapa Goma iko na nguvu ya kuamua, ao kila kitu kinapelekwa Kinshasa? Siku ngapi za kutangaza hasara, siku ngapi za kulipwa? Kisha tafuta mtu aliyeungua kweli akalipwa kweli. Mtu mmoja kama yule anashinda matangazo kumi ya redio.

Na karatasi zisibaki ndani ya nyumba, sababu zitaungua nayo. Piga picha za kontra, za palisele, za kila chumba, utume kwa ndugu aliye mji mwingine. Hasara ikitokea, tangaza siku ileile kwa maandishi, ubaki na kopi iliyopigwa muhuri. Kama ni wizi, pata karatasi ya polisi. Kampuni ikinyamaza, andika tena. Ikiendelea kunyamaza, peleka malalamiko kwa ARCA.

Wengine watasema: sisi tuko na likelemba na mituele, inatosha. Kwa nyumba moja iliyoungua, ndiyo, mituele inasaidia haraka kuliko ofisi yoyote, na tuiendeleze. Lakini volkeno haichomi nyumba moja. Inachoma avenyi nzima usiku mmoja, na mweka sanduku naye anakimbia pamoja na wengine. Kampuni kubwa inachanga makuta ya watu wa miji mingi, na yenyewe inajilinda kwa kampuni zingine za inje. Ile nguvu hatuna kwenye kartye.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Koperative na wakubwa wa mugodi waketi pamoja na sindika, tutafute kontra moja ya wachimbaji wote, yenye nyumba za mbao ndani, yenye volkeno ndani, na malipo ya kidogo kidogo kila mwezi. Mchimbaji mmoja akibisha mlango wa kampuni, wanamwambia angojee. Tukibisha mia tano, watatutafutia kiti.

Mlima hautatuambia siku yake. Tusome kontra sasa, wakati nyumba ingali inasimama.