Mitihani kwa intaneti Butembo na Beni: kinachopimwa ni akili ya mwanafunzi ama ni umeme?

Vyuo vikuu vya Butembo na Beni vinajua kwamba masomo yanaweza kukatizwa kwa siku moja. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola, uliopiga Mangina, Beni na Butembo hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Kabla haujaisha, Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi aliagiza shule na vyuo vyote nchini vifungwe kwa sababu ya Covid-19. Juu ya hayo kuna vita: mauaji katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014, barabara ambazo watu hupita kwa misafara inayosindikizwa na jeshi, na kusini mwa Lubero, kuanguka kwa Kanyabayonga mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, kulikowasukuma wakaaji wengi kuelekea Butembo.

Katika hali kama hiyo, kumpa mwanafunzi mtihani bila kumlazimisha asafiri si anasa. Ni swali linalogusa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoko Butembo tangu 1989, UCBC ya Beni, iliyoanza 2007, na taasisi nyingine za miji hiyo miwili. Mfumo wa LMD, ulioenezwa katika vyuo vya nchi kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umeongeza uzito wa swali hilo: unadai mwanafunzi apimwe mara kwa mara, siyo mara moja tu mwishoni mwa mwaka.

Programu moja inayotumiwa sana duniani kwa kazi hiyo ni Moodle, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Haiuzwi, na ipo kwa Kifaransa. Mwalimu anafungua ukurasa wa somo lake, anaweka maelezo, kazi na mitihani. Maswali ya kuchagua jibu yanasahihishwa na mashine yenyewe.

Kupata programu, basi, si kazi ngumu. Ugumu uko katika vipengele vichache ambavyo mwalimu anavichagua wakati wa kutengeneza mtihani. Vikichaguliwa kana kwamba kila mwanafunzi ana umeme na mtandao kutwa nzima, vinaweza kumwangusha kijana wa Oicha ama wa Kyondo ambaye jibu alikuwa nalo.

Saa ya nani?

Mfano wa kwanza ni saa. Butembo na Beni zinafuata saa ya Lubumbashi, iliyo mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Profesa mgeni aliye Kinshasa akitangaza mtihani wa saa mbili asubuhi, Butembo itakuwa saa tatu. Moodle huonyesha saa kufuatana na eneo lililoandikwa katika akaunti ya kila mtu, na eneo hilo likiwa na kosa, hata tangazo la kwenye kioo cha simu litadanganya. Dawa ni rahisi: kuhakikisha akaunti zote, na kuandika saa zote mbili katika tangazo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Moodle inatenganisha mambo mawili: muda ambao mtihani unabaki wazi, na dakika anazopewa mwanafunzi akishaanza. Mtihani wa dakika 60 unaofunguliwa saa mbili na kufungwa saa tatu unamtupa nje kila mtu aliyekosa umeme asubuhi hiyo. Mtihani uleule wa dakika 60, ukibaki wazi tangu alfajiri hadi usiku, unamruhusu mwanafunzi achague saa ambayo mtandao uko vizuri.

Bado kuna hatari. Akishaanza, saa inaendelea kuhesabu hata mtandao ukikatika. Kwa kawaida Moodle huhifadhi majibu kila baada ya dakika moja hivi, lakini yale ya dakika ambazo mtandao haukuwepo yanaweza kupotea. Kwa ajili hiyo mwalimu anaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja, ama kundi zima, bila kubadili mtihani wa wengine. Nafasi hiyo ina maana tu ikiwa kuna kanuni iliyotangazwa mapema: nani anastahili, anatoa taarifa kwa nani, na ndani ya saa ngapi. Bila kanuni, itakuwa mlango wa upendeleo.

Kufanya mtihani bila mtandao

Programu ya Moodle ya kwenye simu inaruhusu mwanafunzi apakue mtihani, aujibu bila mtandao, kisha atume majibu akipata mega. Lakini kuna sharti: mtihani huo hauwezi kuwa na kikomo cha dakika. Mwalimu hapati vyote viwili.

Kwa majaribio madogo na kazi za nyumbani, kuacha kikomo ni hasara ndogo. Kwa mtihani wa mwisho, suluhisho linaweza kuwa kuiweka Moodle kwenye kompyuta moja ndani ya chumba cha chuo, inayorusha Wi-Fi kwa simu na kompyuta za wanafunzi pasipo kuhitaji intaneti ya nje. Mashine hiyo inaweza kubebwa na betri ama jua, jambo ambalo si geni katika miji iliyozoea jenereta na sahani za jua. Njia hiyo haimsaidii aliyekwama mbali. Inamwokoa aliyefika chuoni siku ambayo Airtel, Vodacom ama Orange imesuasua.

Udanganyifu na maswali

Pingamizi la kwanza la walimu wengi ni WhatsApp: swali likitoka, baada ya dakika tano jibu liko katika kundi. Ni kweli, hasa pale wanafunzi wote wanapopata maswali yaleyale. Moodle ina benki ya maswali: mwalimu akiweka maswali 100 na kuagiza kila mwanafunzi apewe 20 kwa bahati, karatasi mbili zinazofanana zitakuwa adimu. Katika maswali ya hesabu, tarakimu zinaweza kubadilika kwa kila mtu. Wanafunzi wote wakokotoe ushuru wa mfanyabiashara wa Butembo anayepitisha bidhaa Kasindi, lakini kila mmoja kwa kiasi chake.

Insha ni jambo jingine. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma mwishoni mwa 2022, maandishi yaliyotumwa kutoka nyumbani hayathibitishi tena kwamba aliyeyatuma anaelewa. Dakika tano za kumuuliza mwanafunzi kwa mdomo juu ya alichoandika zinaonyesha mengi kuliko programu ya kuwinda wadanganyifu.

Nani anashika ufunguo?

Kuna faida moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Malalamiko juu ya pointi zinazonunuliwa ni ya zamani katika vyuo vya Congo. Katika Moodle, pointi ikibadilishwa, mfumo unaandika nani ameibadilisha na saa ngapi. Lakini kumbukumbu hiyo haina nguvu ikiwa anayeisimamia ni mtu mmoja tu, ama neno la siri la mwalimu linajulikana na msaidizi wake na rafiki wa msaidizi.

Pia kumbukumbu zinahitaji nakala nje ya mji. Mwanafunzi anayekimbia vita huacha nyuma nyumba na makaratasi. Nakala ya pointi zake ikibaki salama mahali pengine, anaweza kuendelea alikofika. Ikiwa kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta moja ya fakiti, huenda akarudia mwaka.

Maamuzi haya hayangoji pesa nyingi: saa ya mtihani, urefu wa mlango ulio wazi, kanuni ya kuongeza muda, benki ya maswali, nakala ya pointi. Kila fakiti inaweza kuyaandika kwenye ukurasa mmoja na kuwasomea wanafunzi kabla ya sesheni. Pasipo ukurasa huo, atakayepita anaweza kuwa yule ambaye nyumbani kwao kuna jenereta.