Sumu ndani ya kichupa si dawa ya kansa, viongozi wanangoja nini?

Huku kwetu Kivu imekuwa desturi: mama akigundua uvimbe kwenye titi, kabla hajafika kwa daktari amekwisha kuletewa kichupa. Muuzaji anaapa kwamba ndani mna sumu ya nyoka, au ya nyuki, na kwamba «wazungu wenyewe wamehakikisha» inaua kansa. Huo ni wizi, tuuite kwa jina lake.

Wanajificha nyuma ya nusu ya ukweli. Ndiyo, mwaka 2020 watafiti wa mji wa Perth, Australia, walionyesha kwamba sumu ya nyuki wa asali inaua seli za aina fulani za kansa ya matiti. Lakini walifanya hivyo kwa seli zilizokuzwa ndani ya vyombo vya maabara, na kwa panya. Kinachoua kinaitwa melitini: hutoboa utando wa seli. Shida ni kwamba hakichagui vizuri, hutoboa hata chembe nyekundu za damu. Kazi iliyobaki ni kukifikisha kwenye uvimbe bila kumwumiza mgonjwa, na kazi hiyo haifanyiki sokoni. Hata maji ya javel yanaua seli za kansa ndani ya chombo. Nani atayanywa?

Watakutajia kaptopril. Kweli, dawa hiyo ya tansio ilitokana na uchunguzi wa sumu ya jararaca, nyoka wa Brazili, ikakubaliwa Marekani mwaka 1981. Ila wakemia waliiga jambo moja tu linalofanywa na sumu ile, wakatengeneza dawa yao wenyewe. Kidonge hakina hata tone la sumu. Tena ni ya tansio, si ya kansa!

Hatupingi utafiti. Nyoka tunao, na pale Lwiro, Kabare, tuna kituo cha sayansi tangu wakati wa Wabelgiji. Kipewe pesa kifanye kazi. Tunachopinga ni kumchelewesha mgonjwa, maana miezi anayoipoteza kwa kichupa ndiyo uvimbe unaitumia kutoka titini hadi kwapani, kisha mapafuni.

Basi wakubwa wa afya jimboni watujibu: nani alikagua vichupa hivi? Nani aliruhusu vitangazwe redioni? Na muuzaji, kama anaiamini dawa yake, aandike kwenye kichupa jina lake kamili na mtaa anaokaa.