Picha ya babu imetoka kijani, tusikimbilie kulaumu wino

Nilipotea kidogo, UE zilikuwa zimenikaba koo. Nimerudi, na leo nina dukuduku.

Wiki iliyopita bibi alikuja mjini kutoka Msimbati, kaleta picha moja kaifunga kwenye kanga. Ni ya babu, nyeusi na nyeupe, kasimama bandarini Mtwara enzi za ujana wake. Ndiyo hiyo hiyo iliyobaki, nyingine zililiwa na mchwa. Alitaka nakala tano awagawie wanawe. Nikampeleka steshenari moja karibu na chuo, jamaa akaiskani, akaprinti. Ikatoka kijani! Bibi akaitazama weee, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, mume wangu mmemchovya kwenye kisamvu?"

Jamaa akasema wino ni feki, tusubiri anunue mwingine. Hapo ndipo ninapobisha.

Hili somo mimi nilishalilipia. Mwaka jana nilichukua hela ya bumu nikanunua printa, niwaprintie wenzangu asaimenti. Likizo ndefu nikaiacha, nimezima swichi ya ukutani tu. Kurudi, haitoi kitu. Nikanunua chupa zote nne mpya, hola! Tatizo halikuwa kwenye chupa, wino ulikuwa umekaukia kwenye vitundu vya kichwa. Ukizima printa kwa kitufe chake, kichwa kinarudi mahali pake na kufunikwa. Ukizima ukutani ikiwa kazini, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kinabaki wazi, wino unakauka.

Sasa kwa nini kijani? Wengi tunadhani picha nyeusi na nyeupe inatumia wino mweusi peke yake. Si kweli. Kwenye karatasi ya picha, ile inayong'aa, printa nyingi huchanganya bluu, pinki na njano ili zipate kijivu, na nyingine hazigusi kabisa ule mweusi. Rangi moja ikiziba, kijivu kinaharibika. Pinki ikikosekana, picha inakuwa ya kijani. Bluu ikikosekana, inaelekea wekundu. Njano ikikosekana, inaingia ubluu. Yaani picha yenyewe inakwambia inaumwa wapi!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: steshenari isimwambie mteja "wino feki" kabla haijaprinti ukurasa wa majaribio, ule wenye mistari ya kila rangi. Mstari ukikatika, safisha kichwa mara moja au mbili, basi. Ukirudia mara kumi unamwaga wino kwenye sponji ya ndani, na sponji ikijaa printa inagoma. Iache ipumzike mpaka kesho, ule uliokauka ulainike. Mistari ikiwa mizima na picha bado ina rangi, angalia kama umechagua aina sahihi ya karatasi. Ikishindikana, tumia karatasi isiyong'aa, uiambie printa itumie mweusi tu. Itakuwa na chengachenga kidogo, lakini kijani hakuna.

Sikatai, wino feki upo, tena mwingi. Ila tukimsingizia yeye kila kitu, tunatupa hela na printa bado ni mbovu.

Nilimwomba jamaa aprinti huo ukurasa. Mstari wa pinki ulikuwa na mapengo kama meno ya mtoto. Akasafisha mara mbili, tukaondoka. Kesho yake asubuhi akaprinti tena. Nikamwambia bibi twende nje tukaitazame juani, maana kijivu cha chini ya taa ya tyubu kinaweza kudanganya.

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiye."

Wenye printa hosteli, likizo inakaribia. Zimeni kwa kitufe, na kabla ya kufunga mlango muachieni mtu anayebaki awe anaprinti ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Anayebisha aje tubishane. Tuko pamoja!