Tusiuziane makao kwa lugha tusiyoielewa

Miongoni mwa mambo yanayowapotezea watu wetu mali na utulivu wa nyumbani, mimi naliweka neno mbele kabisa. Sisemi neno kwa maana ya uvumi wala fitina. Nasema neno kwa maana ile ninayoifundisha darasani kila wiki, yaani sauti iliyobeba maana ambayo watu wawili wameafikiana juu yake. Pale ambapo muuzaji ana maana yake na mnunuzi ana yake, hapana mapatano hata karatasi ikipigwa mihuri kumi.

Haya niliyaona kwa macho yangu Muhuru Bay, katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, pale nchi kavu inapoingia Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikuwa nimekwenda huko kwa utafiti wa lugha, kwa kuwa Wasuba wa upande ule, ambao wazee wao walisema lugha ya Kibantu, leo wengi wao husema Dholuo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili aliyekuwa amefundisha huko miaka kadhaa, aliniomba niandamane naye siku ya kutia sahihi mkataba. Alikuwa amechukua mkopo katika chama chake cha ushirika ili anunue nusu ekari ajenge nyumba. Muuzaji alikuwa mama mjane. Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kiingereza kigumu, zilizochapwa mjini na mtu ambaye hakuwa wakili.

Mama akaletewa wino wa kutia kidole gumba. Kabla hajabonyeza, nilimwomba mwalimu ruhusa nimuulize swali moja kwa Dholuo.

"Mama, leo mnafanya jambo gani hapa?"

Alijibu bila kusita, "Nampa mwalimu mahali pa kukaa. Ni mtu mwema, amewasomesha watoto wetu."

"Na siku akitaka kumuuzia mtu mwingine?"

Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Amuuzie nani, mwanangu? Akiondoka si patarudi kwetu?"

Karatasi ilisema kwamba muuzaji anahamisha haki zake zote katika ardhi ile milele. Mwalimu alikuwa ananunua. Mama alikuwa anamkaribisha mgeni. Hapana hata mmoja aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alisema kweli katika lugha yake.

Msomaji asidhani kwamba mama yule alikuwa mjinga. Katika Dholuo kuna neno jadak, yaani mtu aliyekaribishwa kukaa na kulima katika ardhi ya ukoo usio wake. Mwenyeji wake huitwa wuon lowo, mwenye ardhi. Jadak hupewa mahali pa kujenga, huzaa watoto hapo na huheshimiwa, lakini ardhi hubaki kuwa ya ukoo. Lugha hiyo hiyo hutenganisha ot na dala. Ot ni nyumba yenye kuta na paa. Dala ni boma zima lenye lango, nyumba ya mama, simba ya mvulana na makaburi ya waliotangulia. Fedha hununua ot. Ni vigumu kuzifanya zinunue dala.

Hata Kiswahili hakijapungukiwa katika jambo hili. Mtu aliyejenga nyumba Nairobi bado husema "kwetu ni Muhuru", na hapana anayeshangaa. Nyumba ni kitu. Kwetu ni uhusiano.

Taifa lilisikiliza ubishi huu kwa miezi mitano. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika ardhi yao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulipinga ukidai kwamba Mjaluo huzikwa nyumbani kwao, na kwamba alichokuwa nacho marehemu huko kilikuwa nyumba tu. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, naye marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Wengi waliichukua kesi ile kuwa vita vya makabila, au vya wanawake na mila. Mimi niliiona pia kuwa kesi ya msamiati. Mahakama iliulizwa tofauti iliyopo baina ya maneno mawili, na mwili wa mtu ukasubiri jibu.

Sheria zetu za ardhi hazimjui jadak. Zinamjua muuzaji, mnunuzi na hatimiliki. Sisemi kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kosa ni kudhani kwamba karatasi peke yake inatosha. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa juu ya kiwanja cha karibu na ufuo wa Nyali, iliamua kwamba hati haimlindi mnunuzi ikiwa asili yake ni mbovu. Kiwanja kile kilikuwa kimegawiwa mara ya kwanza mwaka 1989 na kupita mikononi mwa wengine kabla ya kumfikia mnunuzi wa mwisho, naye akakikosa. Nyumba njema si mlango. Hatimiliki ni mlango, na ndani hapana budi kuingia.

Basi mwalimu au mwanafunzi wa leo, ambaye kesho atakuwa na mshahara na tamaa ya kujenga, afanyeje?

Kwanza, aende katika afisi ya usajili wa ardhi akapekue daftari, ajue kipande kile kimeandikwa kwa jina la nani na kama kina rehani au zuio. Tulipofanya hivyo katika kisa changu, tuligundua kwamba ardhi ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe wa yule mama, aliyekufa zamani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla ya mahakama kuthibitisha warithi. Kwa hiyo hata mama angaliuelewa mkataba neno kwa neno, hakuwa na uwezo wa kuuza.

Pili, akague ardhi yenyewe kwa miguu. Amchukue mpima ardhi aliyesajiliwa, awaite majirani wa pande zote, na aulize habari za makaburi. Ua wa minyaa uliopandwa na mababu waweza kuwa umepita mahali tofauti na ramani. Kaburi lililo ndani ya kiwanja ni hati ya aina yake, na hapana upekuzi wa daftari utakaolionyesha.

Tatu, awe na hadhari na viwanja vya ufuoni. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, imeyahesabu maziwa yote kuwa ardhi ya umma, pamoja na ardhi iliyo baina ya alama za maji kujaa na kupwa. Vibanda vingi vya mabati vinavyouzwa karibu na mahali pa kuanikia omena havina ardhi ndani yake. Anayenunua hununua mabati. Ziwa nalo lina kumbukumbu. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na familia nyingi za kando ya ziwa zikahama. Mnunuzi awaulize wazee maji yalifika wapi, kisha ajenge juu ya hapo.

Nne, mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Wakili ni gharama, lakini gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kesi ya miaka kumi. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, sheria ya mwaka 1967 yataka idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Pasipo idhini, mapatano huwa batili, na aliyelipa hubaki kudai fedha zake kama deni. Mahakama zimewahi kumlinda mnunuzi aliyekwisha kulipa na kukaa, lakini si busara kujenga nyumba juu ya huruma ya hakimu.

Tano, fedha zipitie benki, wala zisilipwe zote kabla ya idhini na uhamisho. Aidha mnunuzi aweke kando ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ya mjini. Wengi huumaliza mkopo wote katika bei, kisha hati hukwama afisini kwa kukosa fedha za ushuru.

Muuzaji naye ana haki ya kupewa shauri, ingawa hapana anayemwandikia makala. Watu wetu huuza ardhi siku za shida: karo, ugonjwa, au miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena. Anayeuza kwa shida huuza kwa bei ya shida. Akiweza, akodishe kwa misimu kadhaa badala ya kuuza. Akilazimika kuuza, apime kwanza sehemu itakayobaki na kuangalia kama yatosha boma. Ushuru wa faida ya mtaji ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 5 hadi 15, ijapokuwa kuna misamaha, kama vile kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza. Aulize kabla ya kutaja bei.

Hata hivyo mashauri haya yote hayana nguvu pasipo lile nililoanza nalo. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 yasema kwamba nyumba ya mume na mke isiwekwe rehani wala kukodishwa bila ridhaa yao ya maandishi, tena ridhaa iliyotolewa kwa kuelewa. Natilia mkazo maneno hayo ya mwisho. Mtu ataelewaje karatasi asiyoweza kuisoma? Kidole gumba hakijui Kiingereza.

Katiba yetu, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sheria inayotaka mkataba wa ardhi uandikwe haikutaja uandikwe kwa lugha gani. Ni mazoea tu yanayotufanya tuamini kwamba ardhi haiwezi kuuzwa ila kwa Kiingereza. Serikali ilipozindua mfumo wa kidijitali wa ardhi mwaka 2021 iliuita Ardhisasa, jina zuri la Kiswahili, lakini ndani yake shughuli zikaendeshwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Tumeandika Kiswahili juu ya mlango tukakizuia kuingia.

Ng'ambo ya mpaka, safari fupi tu kutoka Muhuru, mambo ni tofauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 yampa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila, naye huisoma kwa Kiswahili. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba Tanzania haina migogoro ya ardhi, la hasha. Wakulima na wafugaji huko wamegombana hata damu ikamwagika. Lugha haiondoi tamaa ya mtu. Lakini yamwondolea mlaghai kificho kimoja, na maskini hana haja ya kumlipa mtu amsomee kilichoandikwa juu ya shamba lake.

Nitajibiwa kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama wa Muhuru. Ni kweli. Kwa hiyo nashauri mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti kwa lugha ya nyumbani mbele ya wake, waume, watoto wazima na majirani, kisha muuzaji aulizwe aeleze kwa maneno yake alichokisikia. Asipoweza kueleza, siku ya kutia sahihi haijafika.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wana kazi. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye mtu anayeitwa kusoma barua. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefundishwa ufupisho na tafsiri anaweza kuketi na nyanya yake akamweleza kila ibara ya mkataba. Nawasihi walimu wa Kiswahili walete mkataba wa kuuza kiwanja darasani kama zoezi la tafsiri. Wanafunzi watajifunza maneno rehani, mrithi, mpaka, ridhaa na batili, na maneno hayo yatawafaa siku ambayo insha za methali zitakuwa zimesahaulika.

Na yule rafiki yangu? Karatasi haikutiwa kidole siku ile. Alinikasirikia njia nzima hadi Migori, kwa kuwa alikuwa amekwisha kutoa malipo ya kwanza. Mama alimrudishia kidogo kidogo, shilingi za omena, kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, wala hakumpunja hata senti. Mwalimu bado anapanga nyumba. Nilipomwona mara ya mwisho aliniambia kwamba wana wa mama wamekwenda mahakamani kushughulikia urithi, na kwamba yeye anasubiri. Safari hii, alisema, wamekubaliana neno watakalotumia.