Thamostati Iliyoondolewa na Aibu ya Mauziano



Ndugu msomaji, yamezoeleka katika gereji zetu maneno kwamba nchi hii ni ya joto, hivyo thamostati haina kazi, na gari likichemsha dawa ni kuitoa na kuitupa. Maneno hayo si sahihi, na wakati wa kuuza gari yanaingia katika milango ya fiqhi.

Thamostati ni kilango kidogo chenye nta ndani ya kibweta cha chuma. Injini ikiwa baridi kilango hufunga, maji yazunguke ndani ya injini peke yake hadi ipate joto la kazi. Nta ikiyeyuka na kutanuka, kilango hufunguka na maji hupita kwenye rejeta. Joto la nje, liwe la Tanga au la Dodoma, haliikaribii nyuzi 80, basi hoja ya nchi ya joto inaanguka. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu, hunywa mafuta zaidi na kulika mapema. Katika baadhi ya injini huacha wazi njia ya mkato, maji ya moto yakarudi bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha kwa sababu ya tiba yenyewe.

Katika Toyota IST na Probox zenye injini ya 1NZ, fuata mpira wa chini wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini, nyuma ya oltaneta. Hapo ndipo ilipo nyumba ya thamostati, imeshikwa kwa nati mbili ndogo. Oltaneta hutolewa kwanza, na kabla yake maji humwagwa, injini ikiwa imepoa kabisa. Kufunua rejeta ya moto ni kujiunguza uso. Nyumba hiyo ikiwa imeliwa na kutu au imepinda, ibadilishwe. Kuipaka silikoni ni kuahirisha tatizo. Mpira wa duara unaozunguka thamostati uwe mpya, kitundu chenye kipini kinachochezacheza kielekee juu ili hewa itoke, na nati zikazwe kwa kiasi. Kisha tia kulanti badala ya maji ya bomba, na injini iungurume hadi mapovu yaishe.

Mwenye shaka na thamostati aiweke katika sufuria ya maji jikoni, aichemshe taratibu. Ya injini hii huanza kufunguka baina ya nyuzi 80 na 84. Maji yakitokota nayo bado imefumba, imekufa.

Hivi karibuni ndugu wawili walifika kwenye kamati yetu na shauri la namna hii: mnunuzi alikuta nyumba ya thamostati tupu, na muuzaji akakiri kwamba alijua ila hakuona haja ya kusema. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii huhesabu kuwa aibu kila kinachopunguza mali yenyewe au thamani yake kiasi cha kukosesha lengo sahihi, ikiwa kwa kawaida mali ya jinsi hiyo haina upungufu huo. Kwa maoni yangu thamostati inaingia humo bila taabu, kwani IST hutoka kiwandani ikiwa nayo. Kuificha ni ghishi. Mnunuzi ana hiari ya kurudisha gari, kwa sharti asicheleweshe baada ya kuigundua aibu. Akiendelea kulitumia kwa ridhaa, hiari yake huanguka. Hawa wawili walichagua sulhu: muuzaji alilipia thamostati, nyumba yake na ufundi.

Na fundi je? Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba fundi hadhamini ila akizembea au kuvuka mpaka. Lakini anayetoa kifaa cha mtu bila idhini yake amekwisha kuuvuka.

Anayekwenda kununua gari alikague asubuhi, kabla halijawashwa. Liwashwe, kisha aguse mpira wa chini wa rejeta kila baada ya dakika moja au mbili, akijihadhari na feni, kwani huweza kujiwasha yenyewe. Mpira huo unapaswa kubaki baridi mpaka injini ipate joto. Ukianza kupata joto tangu mwanzo pamoja na injini, amuulize muuzaji thamostati iko wapi, tena mbele ya mashahidi.